Kuonja mvinyo Iringa: nitachaguaje wa kuweka mezani siku ya jubilei ya wazazi?

Binti wa Gangilonga (Iringa)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Iringa. Mwishoni mwa mwezi huu kutakuwa na siku ya kuonja mvinyo hapa mjini. Wazalishaji kadhaa kutoka Dodoma, pamoja na waagizaji wa mvinyo wa Afrika Kusini na Italia, watapanga meza zao katika bustani ya hoteli moja, na kila anayelipa kiingilio atapewa glasi ya kuzunguka nayo kutoka meza moja hadi nyingine. Kwa kawaida ningekwenda kwa starehe tu, lakini safari hii ninakwenda na jukumu. Wazazi wetu wanatimiza miaka 50 ya ndoa mwezi Julai, na kamati ya familia imeniachia mimi kazi ya kuchagua mvinyo utakaowekwa mezani siku hiyo, nyumbani kwao Mafinga.

Chakula kimekwisha kupangwa: kitimoto cha kuchoma, kuku wa kienyeji wa mchuzi, perege wa Mtera wa kukaanga, wali wa Kyela, ndizi, mboga za majani, na kachumbari yenye pilipili ambayo baba hali chakula bila kuiona. Wageni watafika kama 100, ila wanaokunywa mvinyo nawakadiria kuwa 60, kwa sababu wengine ni watu wa soda na wengine ni watu wa bia. Wazee wa upande wa mama wangefurahia ulanzi kuliko vyote hivi, lakini mnajua wenyewe kwamba ulanzi hugemwa wakati wa mvua, na Julai hatutaupata wa maana.

Ugumu uko hapa. Mama anapenda mvinyo mtamu, kwa kuwa mvinyo aliouzoea maisha yake yote ni ule wa Meza ya Bwana. Kaka yangu anayeishi Dar es Salaam anasema mvinyo mtamu si mvinyo, na anashikilia kwamba heshima ya wazazi inataka chupa ya kutoka nje ya nchi. Mimi sina upande. Ninachoomba ni kuelekezwa namna ya kuonja aina 20 au zaidi katika alasiri moja bila kulewa na bila ladha kuchanganyika kinywani, na namna ya kutambua, kati ya zote nitakazozipenda, ni ipi itakayofaa kwa chakula nilichokitaja.

Mhudumu wa Zamani (Mbeya)

Dada, hongera kwa wazazi. Nimehudumia meza katika hoteli za hapa Mbeya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba mvinyo unaokuvutia kwenye meza ya kuonjea na mvinyo unaonyweka vizuri pamoja na chakula mara nyingi si mmoja. Kwenye meza ya kuonjea unapewa funda moja au mawili, umesimama, tumbo halina kitu, na dakika chache zilizopita ulikuwa na mvinyo mwingine mdomoni. Katika hali hiyo anayeshinda ni yule mwenye makeke: mtamu kuliko wenzake, au mwenye kileo kingi, au mwenye harufu ya mbao za pipa inayokupokea hata kabla hujainamisha pua. Mvinyo huohuo ukiwekwa mbele ya mgeni mwenye sahani ya nyama, glasi ya kwanza ataisifu na ya pili itabaki nusu. Nimekusanya glasi za namna hiyo kwenye harusi nyingi sana. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza uwe wa kuondoa usiyoyataka. Kupenda kutakuja baadaye.

Usifuate mpangilio wa meza. Ukimaliza chupa zote za meza moja ndipo uhamie ya pili, utakuwa umeonja mweupe, mwekundu na mtamu, kisha unarudi tena kwenye mweupe, na huo mweupe wa pili utauonea bure, kwa sababu sukari ikishakaa ulimini, mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, unaofuata huonekana mchachu kuliko ulivyo. Zunguka meza zote ukionja weupe mkavu peke yake. Pumzika, kunywa maji, tafuna kipande cha mkate mtupu. Kisha zunguka tena kwa wekundu, ukianza na mwepesi na kumalizia na mzito. Wenye utamu na ule ulioongezewa kileo uwe wa mwisho kabisa. Wauzaji watakusihi uonje na ule mwingine kwa kuwa umeshafika pale. Mshukuru, mwambie utarudi, na urudi kweli.

Jambo la kutema halina mjadala. Vionjo 20 vya mililita 30 kila kimoja ni mililita 600, yaani chupa nzima kasoro glasi moja, na mtu aliyekunywa kiasi hicho hana tena uwezo wa kuchagua chochote. Ndoo za kutemea huwekwa kwenye meza. Usipoziona, beba kikombe chako. Watu wetu huona aibu, lakini wanaoonja chai viwandani na wanaoonja kahawa huvuta funda kwa sauti na kulitema kutwa nzima, na hakuna anayewaona wamekosa adabu. Hata hivyo, kileo kidogo hupenya hata ukitema, kwa hiyo kula kabla ya kwenda na umwachie mtu mwingine usukani. Siku hiyo usijipulizie manukato, maana utakuwa unanusa shingo yako kwenye kila glasi.

Ukipewa kionjo, kitazame kwanza juu ya karatasi nyeupe, kizungushe kwenye glasi, nusa, kisha chukua funda na ulizungushe kinywani ukivuta hewa kidogo. Hapo usijiulize kama mvinyo ni mzuri. Jiulize mambo ambayo mwili unakujibu wenyewe. Je, mate yanatoka pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Je, fizi na mashavu vinakauka, kama unapokunywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni hadi ikawa nyeusi? Huo ni ukakasi, na katika mvinyo mwekundu unatokana na maganda na mbegu za zabibu, na wakati mwingine na pipa. Je, koo linapata joto? Hicho ni kileo. Je, ladha inabaki kinywani muda gani baada ya kutema? Andika papo hapo, kwa maneno yako, na upige picha ya lebo. Mtu akiandika "mzuri, mzuri sana, mzuri" kwenye daftari lake, jioni haimsaidii chochote. Akiandika "limau, mwepesi, umeisha upesi", anaukumbuka.

Sasa chakula chenu. Kitimoto cha kuchoma kina mafuta na chumvi, na vitu hivyo pamoja na nyama yenyewe hulainisha ukakasi, kwa hiyo mwekundu mkavu uliokuwa mkali ukiuonja peke yake unaweza kutulia kabisa ukikutana na nyama. Perege wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu anataka mweupe mwenye uchachu. Mvinyo usio na uchachu hupotea mbele ya ndimu. Kuku wa mchuzi hana ugomvi na yeyote. Adui yako ni kachumbari ya baba, kwa kuwa pilipili huongeza joto la kileo na kuufanya ukakasi uwe mkali zaidi, na mtu akishapata vyote viwili kwa pamoja husema mvinyo ni mbaya wakati mvinyo hauna kosa. Kwa mlaji wa pilipili weka mweupe wenye utamu kidogo, uliopozwa vizuri.

Na hapa nakupa ushauri ambao baadhi ya wenzangu waliucheka: ingia pale na kontena dogo mkobani lenye vipande vichache vya kitimoto. Ukishabakiza wekundu watatu au wanne unaowafikiria, rudi kwenye meza zao, tafuna kipande, kisha onja. Huo ndio mzunguko unaoamua.

Mkulima wa Hombolo (Dodoma)

Mimi ni mzaliwa wa Ludewa niliyehamia Dodoma na kulima zabibu, kwa hiyo nitazungumzia upande wa shamba, na nitajitahidi nisiwe wakili wa mkoa.

Kaka yako azingatie kwamba mvinyo wa Dodoma haukuanza jana. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, Bihawana, mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye zao hili likapata watafiti wake katika kituo cha Makutupora. Jambo linalotutofautisha na wenzetu wa Ulaya au Rasi ya Afrika Kusini ni kwamba kwetu hakuna majira ya baridi kali yanayoulaza mzabibu. Ukiupogoa, unachipua, na baada ya miezi ipatayo minne unavuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, mara moja kati ya Februari na Aprili na mara nyingine Agosti na Septemba, wakati mkulima wa Stellenbosch anavuna mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya mwanzo wa mwaka huiva mvua ikiwa bado inanyesha: tunda linabeba maji mengi, na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hutusumbua, hata mkulima mwingine huvuna kabla ya wakati kwa kuogopa kupoteza vyote. Yale ya Agosti huiva katika ukame, sukari ikiwa imekolea na ngozi ya tunda ikiwa salama. Kwa hiyo unapofika kwenye meza ya mtu wa Dodoma, muulize zabibu zilivunwa msimu gani. Anayejua kazi yake atakujibu bila kusita, na jibu lake litakueleza mengi kuliko medali zilizochorwa kwenye lebo. (Wapo wanaouliza kwa nini Mufindi hawalimi zabibu na wana ardhi nzuri hivyo. Mvua na ukungu vinavyoupendeza mchai ndivyo vinavyouangamiza mzabibu.)

Kuhusu aina, utakutana na Makutupora, zabibu nyekundu yetu ya siku zote, ambayo hutoa mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida, usio na majivuno, na kwa kitimoto sijaona sababu ya kuukwepa. Kwa weupe utakutana na Chenin Blanc, zabibu yenye asili ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa na inayolimwa kwa wingi sana Afrika Kusini. Hii ni bahati kwako, kwa sababu unaweza kuzipambanisha kwa haki: shika Chenin ya Dodoma na Chenin ya Afrika Kusini, zifuatane, katika mzunguko mmoja. Fanya hivyo pia kwa Syrah ya Dodoma na chupa ya Afrika Kusini iliyoandikwa Shiraz, kwani ni zabibu ileile. Kulinganisha Makutupora na Pinotage hakutakuonyesha nani ni bora, maana Pinotage ni zabibu nyingine kabisa, iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut.

Nakiri udhaifu wetu mmoja ili usije ukasema nilikuficha. Joto hupunguza uchachu wa zabibu haraka, na mweupe wa Dodoma uliovunwa kwa kuchelewa huwa mzito na mlegevu, hasa ukishapoteza ubaridi. Ule uliovunwa mapema na kuchachushwa katika matangi yaliyopozwa ni mvinyo tofauti. Huhitaji kuniamini; uache kionjo kwenye glasi kwa dakika kumi kisha uonje tena.

Jambo la mwisho ni usafiri. Chupa zinazotoka Dodoma kuja kwenu kupitia Mtera, zikiwa ndani ya buti la basi mchana wa jua kali, hupata joto ambalo mvinyo hauvumilii. Ukiona kizibo kimesukumwa juu kidogo, au shingo ya chupa ina utelezi wa mvinyo uliovuja, usichukue hata ukipunguziwa bei. Hakikisha pia chupa ina nembo ya TBS na stempu ya kodi, maana kwenye hafla hizi hapakosi mtu aliyeleta mvinyo wake wa choya au wa ndizi katika chupa zilizotumika. Wa choya unaweza kuwa kinywaji kizuri, lakini uonje mwishoni, nje ya mashindano.

Mzee wa Kitanzini (Iringa)

Binti yangu, waliotangulia wamesema vizuri, lakini naona wote wanamsukuma mama yako pembeni. Jubilei ni yake. Mvinyo mtamu una mahali pake mezani, na mahali penyewe ni wakati wa keki. Mvinyo mkavu ukinywewa na keki yenye sukari huwa mchachu kama maji ya ndimu, hata kama ulinunuliwa kwa bei ya mbuzi. Kanuni ya kale ni kwamba mvinyo uwe mtamu kuliko kitu kinacholiwa nao. Chagua mtamu mmoja mzuri kwa ajili ya keki, mama akate, watu wagongeshe glasi, na kaka yako hatakuwa na la kusema kwa kuwa hata hao Wafaransa anaowaheshimu hufanya hivyo.

Ila uuonje kwa uangalifu, kwani ubaridi mkali huficha sukari. Wauzaji huutoa kwenye barafu, ukionja unaona uko sawasawa. Ushikilie glasi kwa kiganja mpaka upoteze ubaridi. Mtamu mzuri bado utakuwa na uchachu wa kuubeba. Mbaya utakuwa sharubati.

Kuhusu heshima ya chupa ya kutoka nje, mkumbushe kaka kilichotokea Paris tarehe 24 Mei 1976. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa wenye majina makubwa, akawamiminia mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha lebo. Walipomaliza kutoa alama, mweupe wa kwanza ulikuwa wa Chateau Montelena na mwekundu wa kwanza ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars, zote za Marekani, ambayo wakati ule haikuhesabiwa kitu katika jambo hilo. Kama wale waliongozwa na ulimi na kufika walikofika, sembuse sisi. Nunua chupa utakazokuwa umezibakiza, zifunike kwa bahasha za kaki, andika namba, mwite kaka aketi mezani na chakula, kisha achague.

Binti wa Gangilonga (Iringa)

Nawashukuru sana. Mzee, bahasha za kaki nimekwisha kuzinunua, na kaka amekubali kuja wiki moja kabla ya mimi kutoa oda, ingawa sijamwambia sababu.

Naomba kuongeza swali kwa Mhudumu wa Zamani. Ninunue chupa ngapi, na nizihifadhi vipi hadi Julai? Nauliza pia kuhusu baridi, kwa sababu Mafinga mwezi huo asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya majani, na kila kitabu cha mvinyo kinazungumzia kupoza wakati sisi shida yetu itakuwa kupasha joto.

Mhudumu wa Zamani (Mbeya)

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150, na hicho ndicho kipimo cha mhudumu asiyemimina kwa huruma. Wanywaji 60 wakipata glasi mbili mbili wakati wa chakula ni glasi 120, sawa na chupa 24. Kwa kuwa kitimoto ndicho chakula kikuu, ningegawa wekundu 16 na weupe 8. Mtamu wa keki humiminwa nusu ya kipimo, kwa hiyo chupa moja hutosha watu kumi, na kwa wanywaji 60 utahitaji 6. Ongeza moja kwa ajili ya mama. Zungumza na muuzaji kabla ya kulipa ili katoni ambazo hazikufunguliwa azipokee tena, na makubaliano hayo yawe kwenye maandishi.

Chupa zenye kizibo cha koki zilale ubavu ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa. Zenye kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Ziweke chumba chenye giza, mbali na jiko. Watu hupenda kuzipanga juu ya kabati la sebuleni, karibu na dirisha, zionekane. Hapo jua huziharibu.

Kuhusu Mafinga, uko sahihi kabisa, na ni jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa nyumba zenye joto havilisemi. Mweupe unapendeza kati ya nyuzi 8 na 12, na mwekundu kati ya 15 na 18. Usiku wa Julai huko kwenu weupe wakilala kwenye veranda ya nyuma wataamka tayari, bila friji. Mwekundu ukitoka moja kwa moja kwenye stoo utakuwa wa baridi mno, na ubaridi huukaza ukakasi hadi wageni wakunje uso. Waingize wekundu sebuleni tangu alfajiri, na uwafungue kama saa moja kabla ya chakula. Usiwaweke karibu na jiko la mkaa ili kuharakisha. Upande mmoja wa chupa utapata moto na mwingine utabaki vilevile. Siku hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kufungua na kunusa kila chupa kabla haijafika mezani. Ikinuka kama boksi lililolowa, kizibo kimeiharibu, na aiweke kando bila kelele.

Binti wa Gangilonga (Iringa)

Ndugu zangu, siku ya kuonja imepita, na naona ni haki mpate mrejesho.

Meza iliyojaa watu kuliko zote ilikuwa ya mwekundu mtamu kutoka barafuni, na hata mimi funda la kwanza lilinipendeza. Nilifanya kama Mzee alivyoagiza, nikaishika glasi kwa kiganja huku nikizungumza na muuzaji, na kabla hatujamaliza habari ya bei ukawa mzito, wa kunata kwenye meno, bila uchachu wowote. Niliuacha. Meza ya jirani, iliyokuwa na mtu mmoja tu, ilikuwa na mweupe mtamu wa Dodoma ambao ulipopoteza ubaridi ulibaki na harufu ya papai na uchachu wa kutosha, nao ndio nimeuandika kwa ajili ya keki.

Chenin mbili nilizionja zikifuatana. Ya Afrika Kusini ilikuwa na uchachu wa tufaa bichi na ladha ikakaa muda mrefu baada ya kutema. Ya Dodoma ilikuwa na harufu tamu zaidi puani, lakini baada ya dakika kumi ilikuwa imelegea, kama Mkulima alivyotahadharisha. Nilimuuliza muuzaji zabibu zake zilivunwa lini, akaniambia zote ni za Machi, na kusema kweli nilimheshimu kwa kutonidanganya.

Kwa wekundu, kontena la kitimoto liliwashangaza watu mpaka mzalishaji mmoja akaniomba kipande. Makutupora mkavu, ambao katika mzunguko wa kwanza nilikuwa nimeuandikia "unakausha fizi, sina hakika", ulibadilika kabisa baada ya nyama: ukali ukashuka, ikabaki harufu ya zambarau zilizoiva. Pinotage ulikwenda kinyume chake. Ukiwa peke yake ulikuwa na moshi mzuri na ulinipendeza kuliko wekundu wote pale, ila pamoja na nyama ya kuchoma moshi ukawa juu ya moshi, na kileo kikaanza kuwaka kooni.

Kaka alipofika nilimpa bahasha zake. Kabla ya chakula aliuweka Pinotage wa kwanza na Makutupora wa mwisho. Baada ya kitimoto na kachumbari aliupanga upya, Makutupora ukapanda juu, na alipovua bahasha akanyamaza kidogo kisha akasema atalipia wekundu wote yeye mwenyewe. Kwa upande wa mweupe alichagua ule wa Afrika Kusini mara zote mbili, nami nakubaliana naye. Kwa hiyo mezani patakuwa na mwekundu na mtamu wa Dodoma, na mweupe wa Afrika Kusini.

Limebaki tatizo moja dogo. Muuzaji wa Chenin anauza kwa katoni ya chupa 12 na hakubali kuigawa, wakati mimi nahitaji 8. Kama yupo mwenye shughuli mwezi Julai hapa Iringa au Mafinga anayetaka chupa 4 kwa bei ya katoni, aniandikie kabla ya mwisho wa wiki, nitoe oda.